Nakuona Magoti Tu

Dada yangu alipoletwa kwangu Ihumwa kutoka Gulwe, anaumwa, kitanda alikikataa. Eti kinamtupa. Tukamtandikia godoro chini, na sauti yake nayo ikabaki huko huko chini, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mimi goti lilishagoma kukunjika, basi nikawekewa kiti cha plastiki.

"Shikamoo dada, umeamkaje?"

Akajibu kitu. "Eti nini?" Mjukuu wangu wa kike akainama kumsikiliza, akaanza kucheka. "Anasema anakuona magoti tu."

Nikacheka na mimi, halafu nikaenda jikoni kulia. Toka utotoni naigiza watu, mchungaji, mwenyekiti, mpaka mbuzi wa jirani, na wa kucheka ni yeye. Sasa namwigizia nini mtu anayetazama ugoko wangu?

Huyo mjukuu anafundisha watu kunyanyua vyuma huko Majengo. Nikamwambia, nifundishe kuchuchumaa tena. Loo! Akatoa sauti ya kuamrisha askari: "Bibi, makalio nyuma! Goti lifuate vidole, lisiingie ndani! Kisigino chini!"

Kisigino kinanyanyuka. Akanishika nyuma ya mguu. "Hapa ndipo pamekaza, bibi. Goti linaonewa tu." Akaniwekea ubao chini ya visigino, akanikumbatisha kifuko cha mtama kifuani, ati uzito wa mbele unanizuia kuanguka chali. Na kweli ulinizuia. Nikawa nagusa kiti nainuka. Baadaye nikagusa kigoda.

"Leo nishuke mpaka chini."

"Hapana bibi. Msuli unapata nguvu haraka, kano zinakuja polepole. Ukizilazimisha utavimba."

"Basi nenda kamwambie dada asubiri kano."

Hakucheka. Dada alikuwa ameanza kukataa uji.

Siku niliyofika chini nilikuwa nimeshika ukuta, jasho linanitoka, lakini visigino vimetulia sakafuni. Uso wangu ukawa mbele ya uso wake. Nikamwigizia mjukuu: "Makalio nyuma, bibi!" Dada akacheka, tumbo tu linatikisika, sauti hamna. Halafu akanitazama.

"Kumbe umezeeka hivi, mdogo wangu."

"Na wewe je, bibi harusi?"

Akafumba macho huku anatabasamu. Hakuongea tena na mtu, mpaka tukamzika.

Msibani wakaniletea kile kiti cha plastiki. Nikawaambia kitoeni, nikashuka mkekani mwenyewe na wanawake wenzangu.

Mjukuu bado ananisimamia. "Bibi, usiache, mwili unasahau." Haya, siachi. Asubuhi nachuchumaa uani, nimekumbatia kifuko changu. Watu wanapita, "Shikamoo bibi," naitikia, "Marahaba." Sijui hata ni nani. Nawaona magoti tu.