Kuku wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Wajukuu zangu wakifunga shule huja kwangu na vitabu vingi kuliko nguo, kisha huniuliza mimi enzi zangu nilisoma nini likizo. Nawaambia nilisoma kitabu cha kufuga kuku. Wanacheka. Na wacheke. Kitabu hicho nilikirudia likizo nne, na baraza zima lilikuwa likikisubiri.

Zamani hizo za Mwingereza nilikuwa nasoma Kisarawe, na shule ikifungwa narudi Mzenga kwa bibi yangu. Mwalimu alituruhusu kuazima kitabu kimoja kimoja. Vya hadithi vilinyakuliwa na wenye viwiko vigumu, mimi nikaachiwa cha bwana shamba: jalada la kijani, maelezo ya banda na picha za kuku. Nilinuna njia nzima, lakini nilikibeba.

Bibi hakujua kusoma. Aliporudi shamba alitandika mkeka barazani akaniambia nianze. Nikasoma habari za banda, za mtama, za maji safi. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na picha ya tetea mgonjwa, kajikunyata, mabawa yameshuka, macho kafumba. Bibi akamgusa kwa kidole. "Masikini," akasema. "Sasa huyu wamfanyeje?"

Chini ya picha iliandikwa kwamba kuku wa namna hiyo achinjwe upesi. Haya, wewe ungesoma? Mimi nilimtazama bibi usoni, nikasoma hivi: "Kuku huyu apewe maji ya majani ya mpapai, afunikwe kaniki, na aambiwe maneno mazuri asubuhi na jioni. Atapona." Bibi akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Ujanja huo ulikuwa na kasoro moja: likizo hurudi. Nilipokuja tena, hata shikamoo yangu haijaitikiwa, bibi akauliza, "Kuku wetu hajambo?" Ikabidi kitabu kiazimwe tena, kisomwe tena. Nikasema majani ya mpera.

"Mpapai, mke mwenzangu," akanisahihisha. Ndivyo alivyoniita, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Soma kilichoandikwa, usinisomee usingizi wako."

Mtu hajui hata alifu, ananisahihisha kitabu! Kufika likizo ya tatu nilikuwa nimeukariri uongo wangu neno kwa neno, na majirani wanakuja kuusikiliza.

Kati yao alikuwamo mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Mtani, kama hujui, anaweza kuingia kwako akachukua jogoo wako ukimwona, na ukinuna unaaibika wewe. Huyu alipenda mchuzi kuliko kusoma. Likizo ya nne akamkuta bibi na tetea wake wa mabaka, mgonjwa hasa, siku ya tatu hainui kichwa. Bibi kamfunika kaniki, kampakata, anamnywesha maji ya majani ya mpapai na kumsifu: "Mwanamke mzuri wewe, Mzenga yote huna mpinzani."

Mtani alicheka mpaka akakohoa. Akasema hakuna kitabu cha serikali kinachoagiza kuku asifiwe. "Nina mpwa wangu mwalimu huko Dutumi, kesho anakuja kunitembelea. Atakisoma yeye. Kikisema achinjwe, namchukua."

"Mlete," bibi akasema.

Nilifikiri kukitumbukiza kitabu kisimani, ila mwalimu wangu angenitumbukiza mimi. Tetea nilimhurumia, sikatai, lakini nisiwe mwongo mara mbili: nilichoogopa ni bibi kujua kwamba mjukuu wake, msomi wa ukoo, amemdanganya miaka miwili mbele ya watu.

Mwalimu wa Dutumi akaja na viatu vyake. Akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akasoma kwa sauti ya darasani: "Kuku wa namna hii achinjwe upesi, kabla hajawaambukiza wenzake." Baraza zima likanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Bibi hakunitazama. Alimwambia mwalimu kwa upole, "Wewe umekisoma mara moja tu, mwanangu. Hiki kinataka kurudiwa."

Mtani hakungoja darasa liishe. Akanyoosha mikono kumchukua tetea pale mapajani. Loo! Yule marehemu mtarajiwa akaruka na kaniki yake, akampiga mtani bawa la uso, akapanda juu ya paa. Mtani akabaki na unyoya mmoja. Bibi akamwambia aende nao akapike, kaniki amwachie tetea. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Walipoondoka tulibaki wawili, bibi anachambua mchele kwenye ungo. Nikapiga magoti nikaanza kuomba radhi. Bibi akakivuta kitabu, akafunua ukurasa wa kumi na tatu, akaweka kidole juu ya picha ndogo ya mkono, ambayo mimi kwa haraka zangu za kuficha maneno sikuwahi kuijali.

"Huu mkono umeshika nini?"

"Kisu, bibi."

"Herufi zako sizijui. Kisu nakijua. Nilikiona siku ile ile ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nikamdanganya likizo zote hizo. Akapepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka.

"Nilikuona umefika pale umenyamaza, unanitazama. Nikasema moyoni, hebu nione mke mwenzangu atamfanyaje kuku huyu."

Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikalia kweli. Bibi akaturudisha ukurasa wa kumi na mbili, akaegemea ukuta. "Haya, soma. Na mpapai usiuruke."

Nikasoma mpaka kuku alipopona.