Wapiga Mluzi wa Oaxaca na Jina Langu la Ngoma

Wiki mbili zilizopita binti yangu alirudi kutoka shule na kazi ya kueleza mbele ya darasa jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Akanitazama mimi, maana hapa nyumbani msomi ni mimi. Bon, usicheke, rafiki. Diplome yangu niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na mvi kichwani na watoto wanne, na tangu hapo hakuna swali linalonipita. Ukitaka kina cha mto Kongo nitakutajia sasa hivi, hata kama sijawahi kuupima. Lakini niliposikia neno Oaxaca nilijifanya natafuta miwani. Nilifundishwa habari zake mara moja tu maishani, darasa la tano, siku ile ile niliyomkana koko wangu.

Koko, yaani mama yake baba, aliishi Yanonge. Kila baada ya majuma machache alipanda mto kuja kwetu hapa Makiso, katikati ya Kisangani, na kikapu cha samaki wa kukaushwa kwa moshi na chikwange, mikate ya muhogo, na moshi wa samaki wale ulimtangulia kutoka bandarini kama mjumbe. Akishafika, nyumba ilibadilika. Mimi nilipepea makala, mkaa wa jikoni, mpaka mkono ukaota misuli ya mbeba mizigo, na yeye alitwanga lituma, ndizi za kuchemshwa, kwa mchi uliokuwa mrefu kuliko mimi. Jirani alidai saa yake ya ukutani ilianguka mara mbili kwa sababu ya lituma ya koko. Alikuja kulalamika, akapewa sahani, akarudi kwake kutundika saa.

Lugha yetu, Kilokele, inapanda na kushuka kama mtu anayetembea vilimani, na ngoma ya gogo, ile ya kupeleka habari mbali, huchukua kule kupanda na kushuka tu, ikaacha maneno yenyewe. Ndiyo maana mtoto wa kwetu alipewa pia jina la ngoma. Sehemu ya kwanza ni yake, ya pili ya baba yake, ya tatu kijiji cha mama yake. Hapa mjini koko hakuwa na ngoma, kwa hiyo alitumia mdomo: "ki" kwa sauti ya juu, "ke" kwa sauti ya chini. Langu lilianza ki-ke-ke-ki, halafu likaendelea, refu kama rozari. Nilitakiwa kuitika kwa ufupi, ki-ki. Kule Yanonge, likipigwa kwa ngoma, jina hilo lilivuka mto mzima, na naapa samaki waligeuza vichwa. Kule nilitembea kifua mbele.

Makiso ilikuwa kitu kingine. Watoto wa wafanyabiashara na wakubwa wa ofisi walituita watu wa moshi. Na shuleni kulikuwa na symbole: kifuniko cha kopo la sardini kwenye kamba, amri ya mkurugenzi. Aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa mpaka shingo ikaota kutu. Siku ya Oaxaca nilikuwa nimekivua jana yake tu.

Mwalimu alichora milima mpaka chaki ikaisha. Alisema Wazapoteki walikata kilele cha mlima, wakakisawazisha, wakajenga mji juu yake zamani, kabla mzungu yeyote hajavuka bahari kufika kule. Alisema mahindi tunayochoma barabarani yalitoka pande zile. Alisema pia kwamba watoto wao walipigwa shuleni kwa kusema lugha za mama zao, na sisi tukacheka, huku mwenzetu mmoja amekaa mstari wa mbele na kifuniko cha sardini shingoni. Halafu akasema kuna watu wa milimani kule, Wamazateki, wanaongea kwa mluzi tupu. Mmoja juu ya mlima huu, mwenzake juu ya ule, wanaulizana habari za shamba bila neno hata moja. Darasa lilivunjika kwa kicheko.

Hapo hapo, kutoka langoni: ki-ke-ke-ki.

Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula, na koko alikuwa ameniletea chakula.

"Nyamazeni," mwalimu alisema. Uso wake uling'aa. "Sikieni. Ule mama anaita mutu. Ni kama wale wa Oaxaca kabisa. Nani anajua anasema nini?"

"Mwalimu, anaita samaki warudi kwa maji," alisema mmoja nyuma yangu, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu alikuja mpaka mezani pangu. "Wewe, watu yenu si wa Yanonge? Unamujua?"

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Ule ni mama wa kuuzisha samaki. Nazani kichwa yake haiko sawa."

Dirisha letu lilielekea langoni, na halikuwa na kioo. Koko alikuwa amefika sehemu ya baba yangu, akakatiza hapo. Sikumwona akiondoka. Mlinzi wa lango aliniletea bakuli lake, na aibu juu ya aibu, rafiki, nilikula. Nilikula yote, nikalamba vidole.

Jioni nilimkuta akimenya ndizi. Nikasema, "Koko, kule darasani..."

"Jina ile haikuwa ya samaki," alisema bila kuinua macho. "Ilikuwa ya bwana yangu. Nilikupatia juu ulikuwa mutoto wa kulia sana. Leta makala."

Tangu siku ile aliniita kwa jina la kwenye kadi ya shule, kwa Kifaransa safi, kama mwalimu anayesoma orodha. Mimi, mropokaji wa Kisangani nzima, sikupata kinywa cha kumwomba msamaha. Alikufa Yanonge nikiwa katikati ya mitihani, na jina likaenda naye; mimi nilibaki na zile sauti nne za mwanzo tu. Nilimuuliza tonton wangu wa kule, ndugu yake baba, kama analikumbuka. "Sasa kila mutu iko na telefone," alisema. "Nani atakuita na ngoma?" Ngoma yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa, na yeye hakukumbuka hata jina lake mwenyewe.

Donc nilimweleza binti yangu Oaxaca yote, milima, mahindi, mluzi, na ngoma zetu pia. Akashika kalamu. "Na yako, papa, inasema namna gani?"

Nilimpa zile sauti nne. Alingoja, kalamu juu. Nyingine zote nilizitunga pale pale.

Darasani alipigiwa makofi, akapata kumi na nane juu ya ishirini. Siku hizi akirudi ananiita kwa jina lile toka barabarani, na majirani wanasifu. Jana mzee mmoja wa Yanonge alikuwa akipita juu ya toleka. Alimwambia dereva asimamishe baiskeli, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto anaita nani?" aliuliza.

"Ananiita mimi, papa."

Alirudia kwa mdomo zile sauti nne za kwanza, akaishia hapo, akamgusa dereva bega, wakaenda. Binti akaita tena, nami nikaitika ki-ki, haraka, kabla hajafika kwenye zile nilizozitunga.