Mita Kumi za Shemeji

Zamani toroli la ghala lilisukumwa na wanaume wawili waliojuana hata pumzi. Siku hizi linajiendesha kwa betri, halina hata salamu.

Profesa alikuwa mmoja wa wale wawili. Shule aliiacha darasa la nne, lakini hesabu za mwendo alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada. Mwenzake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Miaka ishirini na sita walisukuma bega kwa bega.

Ndipo akaja injinia, binti mwenye filimbi shingoni. Alitaka mmoja tu abaki, amsaidie kupima matoroli mapya. Profesa alijua ni yeye.

"Toroli lina kilo mia mbili," injinia akasema. "Mizani ya springi kwenye kamba isome nyutoni hamsini, msuguano wa reli unakula kumi. Sekunde kumi litakuwa wapi?"

Profesa hakutaka karatasi. "Zinabaki arobaini. Gawanya kwa mia mbili: mchapuko sifuri nukta mbili. Sekunde ya kumi, mwendo mita mbili kwa sekunde. Umbali, mita kumi."

Akapiga mstari wa chaki hapo hapo.

"Haya vuta, mzee. Mshale wa mizani usicheze."

Akavuta. Lakini shemeji alikuwa akichekeshana na injinia, na kila kicheko kilimchoma Profesa. Mshale ukaruka sabini, ukashuka, ukaruka tena. Filimbi ya sekunde ya kumi ilipolia, toroli lilikuwa limeipita chaki hatua tatu.

"Shem, unavuta toroli au unamvuta mwizi sikio?"

"Funga bakuli lako! Vuta wewe!"

Shemeji akavuta. Mshale ukaganda hamsini kama uliopigwa msumari. Filimbi ilipolia, gurudumu la mbele lilikuwa juu ya chaki.

"Hesabu yako ni sahihi kabisa, mzee," injinia akasema kwa adabu. "Ila mkono ninaoutaka ni wa huyu."

Profesa akarudisha glavu. Kwa dada yake hakukanyaga tena.

Mara ya mwisho aliwaona shemeji na injinia alipokuwa akipita nje ya uzio wa ghala. Wameinama juu ya toroli lililopakiwa, vichwa vyao vinakaribia kugusana.

"Profesa!" shemeji akaita. "Njoo utuhesabie, ndugu yangu! Sasa ni kilo mia nne, nyutoni zimebaki arobaini zilezile, sekunde zilezile kumi!"

Kabla hajafika kona alikuwa na jibu: mita tano. Hakugeuka.