Mwamvua: nilivyomchora shujaa wa kike wa katuni, akabadilishwa mpaka akamponza mwenye sura yake

Wakuu, poleni na majukumu. Wale wa rika langu, tuliosoma magazeti ya katuni mmoja ameshika na watano wanachungulia begani, leo nina jambo lenu.

Kuna uzi humu watu wanabishana kuhusu mashujaa wa kike wa katuni za zamani. Nani alikuwa mkali, nani aliharibiwa na watu wa video. Member mmoja akamtaja Mwamvua. Akasema alikuwa mchawi wa mjini mwenye viatu virefu.

Nikasema hapana, hili siliachi lipite.

Mwamvua nilimchora mimi. Ninayoandika hapa niliyashuhudia kwa macho yangu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Kwa umri nilio nao sina wa kumdanganya.

Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mchora ramani kwenye ofisi moja ya maji hapa Dodoma. Tulichora visima: kina chake, udongo wa juu, mwamba ulianzia wapi, maji yalipatikana wapi. Nilikuwa kijana, mkono wangu ulikuwa mzuri, na nilijua kwamba ni mzuri.

Siku moja nikafuatana na mafundi kwenda Busi, Kondoa. Pampu ya mkono ya kijiji ilikuwa imekufa wiki mbili na watu wanachota kwenye makorongo. Tulichelewa sababu ya mafuta ya gari. Mambo ya enzi zile mnayakumbuka.

Tulipofika tukakuta maji yanatoka.

Kamati ya maji ilikuwa ya wanaume tupu, na wao walishaamua kumsubiri fundi. Aliyetengeneza ni mama mmoja anaitwa Bi Mwanaidi, amenizidi kama miaka saba hivi. Aliazima spana kwa fundi baiskeli, akawapanga wanawake wenzake, wakavuta mabomba yote nje. Akakuta wosha ya ndani, ule mpira unaonyanyua maji, imelika kabisa.

Basi akavua katambuga yake ya mguu wa kushoto, si mnazijua zile ndala za tairi, akakata kipande, akakichonga kwa kisu mpaka kikaenea.

Muda wote huo mtoto yuko mgongoni.

Nilimkuta bado amevaa katambuga moja. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasikiliza pampu inavyolia kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Nikarudi Dodoma na yule mama kichwani.

Ofisini kulikuwa na karatasi za ramani zilizoharibika. Nikaanza kuchora nyuma yake. Nikampa jina Mwamvua, maana huku kwetu mvua ni habari kubwa. Ana mtoto mgongoni, spana mkononi, katambuga mguu mmoja. Nguvu zake: akiweka sikio chini anasikia maji yalipo, na akigonga mwamba kwa spana unapasuka. Maadui zake ni wanaofunga visima na wanaouza dizeli ya mradi.

Nikabandika kurasa mbili ubaoni. Kesho yake watu wa idara nyingine wakaja kuuliza inaendeleaje.

Hapo niwaeleze kitu vijana. Tulikuwa na mashine ya kutolea nakala za ramani, inanuka amonia mpaka machozi yanatoka, na nakala zinatoka za bluu. Ndiyo ilikuwa printing press yangu. Mwamvua wa kwanza duniani alikuwa wa bluu. Madereva wa mitambo wakawa wanambeba mpaka Mtera, Mpwapwa, Kondoa. Nakala moja nikampelekea Bi Mwanaidi mwenyewe.

Nikasikia Busi nzima sasa wanamwita Mwamvua, na kwamba kamati imemkabidhi spana na ufunguo wa pampu. Nilijisikia mkubwa sana, sifichi.

Ikaja miaka ya tisini. Magazeti ya watu binafsi yakaota kila mahali. Mhariri wa gazeti moja la katuni la Dar, jina naliweka pembeni, alikuja Dodoma wakati wa kikao cha Bunge, akaona zile nakala za bluu kwa karani mmoja. Akanitafuta. Tukakubaliana nitume kurasa nne kila toleo.

Haikupita muda likaja punguzo la wafanyakazi serikalini. Jina langu lilikuwemo. Nilikuwa nimeoa, mke wangu Stella ni nesi, tuna kibanda chetu Miyuji hakijapigwa plasta. Kuanzia hapo Mwamvua si starehe tena, ni kazi.

Na mabadiliko yakaanza.

Kwanza mhariri alitaka mtoto aondoke. Shujaa atapiganaje na mtoto mgongoni? Nikamwondoa.

Toleo lingine akataka spana iwe fimbo inayotoa miale. Nikafanya.

Halafu nywele ziwe za dawa, gauni lipande, katambuga moja iwe viatu virefu viwili. Halafu ahame Kondoa, aishi ghorofani Dar. Halafu apate mchumba, inspekta mwenye miwani, ambaye kila mwisho wa kisa anafika kumwokoa.

Kila badiliko lilikuwa dogo. Na nisiwe mnafiki, barua za wasomaji ziliongezeka, watu Dodoma walikuwa wananisimamisha barabarani. Mkono ulikuwa wangu, nilichora vile viatu vizuri kuliko mtu yeyote nchi hii.

Stella aliniuliza mara moja tu, hivi yule mama wa Busi amekwenda wapi humu? Nikamwambia hiyo ni biashara. Hakurudia.

Kuelekea mwishoni mwa miaka ya tisini kikundi cha maigizo cha Dar kikataka kumfanyia video. Mhariri akasaini nao, mimi nikaletewa hadithi tayari imeandikwa, nichore bango tu. Humo ndani Mwamvua nguvu zake amepewa na mganga. Anafunga maji ya kijiji mpaka wamwabudu. Mwisho inspekta anazivunja zile dawa, Mwamvua anapiga magoti, anaomba msamaha, anaolewa.

Nikaisoma yote. Nikachora bango.

Hilo ndilo kosa langu wakuu, na sina wa kulibebesha.

Miezi ikapita. Alasiri moja niko uani nachora, Stella akaja kuniambia nina mgeni kutoka Kondoa. Nikaingia ndani, nikamkuta Bi Mwanaidi amekaa kwenye kiti, mkoba magotini, maji aliyopewa hajayagusa.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikauliza habari za Busi, akasema nzuri, kama watu wanavyosema hata kama nyumba inaungua.

"Sikuja kugombana na wewe mdogo wangu," akasema. "Nimekuja kuuliza. Yule mganga ulimtoa wapi?"

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake.

Akanieleza taratibu. Video ilionyeshwa Kondoa mjini, watu wa Busi wakaiona, wakarudi na habari. Na huko kila mtu anajua Mwamvua ni nani. Msimu huohuo pampu ikaanza kutoa maji kidogo kidogo, halafu ikakauka kabisa. Basi watu wakaunganisha. Kwamba amefunga maji. Kwamba hata ile siku ya katambuga haikuwa bure.

Kamati ikamnyang'anya spana na ufunguo. Mume wake akahamia kwa kaka yake. Paa lake lilipigwa mawe mara mbili. Huko kwetu, na nyie mnajua, maneno ya namna hiyo hayaishii kwenye mawe.

Alichotaka ni kitu kimoja. Niende niwaambie nilikotoa yale mambo.

Nikaenda posta kumpigia mhariri. Nikamwambia nataka kwenda kijijini kusema kwamba hadithi ya video ni uongo. Hakufoka. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba siku nikilisema hilo mbele ya watu, nisitume tena kurasa, na jina la Mwamvua linabaki kwenye gazeti kwa sababu nilishasaini.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Stella. Akasema mshahara wake upo, na akaenda kumtandikia mgeni kitanda.

Asubuhi nikapita ofisi yangu ya zamani. Jamaa mmoja niliyefanya naye kazi bado alikuwepo, akanifungulia kabati la michoro. Nikakitafuta kisima cha Busi. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe wa ujana. Nikasoma kina, nikasoma pampu ilipofungwa, nikasoma tena.

Kisima kilikuwa kirefu kuliko pampu ilipoishia. Chini yake palibaki nafasi ya kutosha.

Nikanunua bomba moja na chuma chake cha ndani, vikapanda juu ya basi la Kondoa pamoja na sisi.

Mkutano ulifanyika mchana, palepale kisimani. Watu walikuwa wengi, na wengi hawakumsalimia Bi Mwanaidi. Nikabandika nakala za bluu kwenye ukuta wa uzio wa kisima, nikawaonyesha mtoto, spana, katambuga. Nikaeleza kila nilichobadilisha baadaye na aliyeniambia nibadilishe. Nikasema mganga aliandikwa na mtu wa Dar ambaye hajawahi kufika Busi, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nalipwa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole tu wa sura, akaniuliza: "Kwa hiyo ulitudanganya?"

"Ndiyo mzee. Nilidanganya mimi, anaadhibiwa yeye."

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea na hotuba, nilikuwa nayo nzuri sana. Bi Mwanaidi akanipita mbele, akanyoosha mkono kwa mwenyekiti.

"Maneno yametosha. Nipeni spana yangu."

Mzee alimtazama kwa muda, akampa.

Alianza kufungua nati peke yake. Mimi nikashika bomba. Hakuna aliyesogea. Mwisho wakaja wanawake wawili, wale waliovuta naye mara ya kwanza, wamezeeka kidogo. Tukavuta wanne, ni kazi nzito msiombe.

Vyote vilipotoka nikafunga jiwe kwenye kamba, nikaiteremsha. Nikaipandisha. Sehemu kubwa ya kamba ilikuwa kavu, lakini kipande cha mwisho kilikuwa kinachuruzika. Nikampa mwenyekiti ashike mwenyewe. Akakikamua, maji yakamdondokea kwenye kanzu.

Nikawaambia maji hayajafungwa na mtu. Yameshuka kwa ukame, na pampu imebaki inaning'inia juu yake. Hiyo ndiyo siri yote.

Basi mzee akavua kofia, akaja kushika bomba. Baada ya yeye wakaja wengine mpaka nafasi ikakosekana. Tukaongeza kile kipande nilichokuja nacho, tukateremsha, tukafunga. Bi Mwanaidi akapiga pampu. Mara ishirini, thelathini, hewa tupu. Nilianza kuona aibu inanipanda miguuni.

Halafu yakaja. Matope kwanza, kisha meupe.

Sitawadanganya kwamba watu walilia wakakumbatiana. Walienda kuchukua ndoo. Wapo ambao mpaka leo hawajamwomba radhi. Lakini spana na ufunguo vilibaki kwake, na mume alirudi baada ya wiki. Walichoambiana ni chao.

Mimi gazetini nilitoka siku hiyohiyo. Wakampa mchoraji mwingine. Mwamvua wake aliendesha gari la wazi, akaimba kwenye kilabu, na mwisho akapotea pamoja na gazeti lenyewe. Huyo ndiye mnayemkumbuka.

Nilianza upya kwa fotokopi. Nikamwomba Bi Mwanaidi nitumie jina lake halisi. Akakubali kwa sharti moja: kila ukurasa aone kwanza. Wakuu, sijawahi kupata editor mkali kama yule. Nilirudishiwa ukurasa mzima kwa sababu spana niliichora imeshikwa upande ambao ungeuma vidole.

Tuliuza stendi na kwa wanachuo wa hapa Dodoma. Baadaye wanachuo hao wakaigeuza mchezo wa jukwaani. Sasa hivi watu wanarushiana kwenye simu. Na shujaa anazeeka, nimempa mvi na miwani ya kusomea, na wajukuu wawili.

Juzi nilimpelekea kurasa mpya. Nikaona labda vijana wa leo wamezoea mambo makubwa, nikamchora anaruka juu ya Busi, kitenge kinapepea, wanakijiji chini wanashangilia. Nilijua nimepiga kazi.

Akaitazama muda mrefu.

"Hii ya kuruka iondoe," akaniambia. "Nikiruka watasema sihitaji mtu wa kunisaidia kuvuta bomba."

Nimeiondoa.

Nilichojifunza ni hiki: ukichukua sura ya mtu aliye hai ukaifanya shujaa, usimruhusu mtu mwingine aiguse kabla mwenyewe hajaiona. Na wewe mwenyewe usijiamini sana, hata kama mkono ni mzuri.

Karibuni wakuu. Mlimjua Mwamvua yupi, wa bluu au wa viatu virefu? Na kama kuna mtu ana nakala ya bluu nyumbani kwao, hata iliyochanika, aweke picha hapa. Mimi zangu ziliisha.