Nilidhani filamu ya Hodan itamcheka mzungu, kumbe mchekwa ni mimi

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkalimani wa shirika moja kule Dadaab. Bosi wangu ni Klara, volunteer kutoka ng'ambo, mpole, mtu wa kufuata fomu mpaka nukta.

Siku moja tulienda upande wa Bura kumhoji mzee mfugaji kuhusu maji. Swali la kwanza kwenye fomu: ana ngamia wangapi?

Mliotoka huku najua mmeshashika kichwa. Kwetu hilo haliulizwi. Kutaja idadi ya mifugo ni kuiletea kijicho, ikafa.

Nilijua, lakini nikatafsiri vilevile. Contract yangu ilikuwa inakaribia kuisha, sikutaka kuonekana mjuaji.

Mzee akawaka. Akasema huyu mgeni amekuja kumaliza wanyama wake. Klara akauliza anasemaje.

Nikamjibu, "Anasema karibu sana."

Mzee akaondoka zake, tukarudi na fomu tupu.

Nilimsimulia binamu yangu Hodan, tukacheka. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza filamu ya vichekesho kuhusu volunteers. Kamera ya kuazima, ngamia wa jirani, tafsiri ya Kiingereza imeandikwa chini. Wallahi huyu dada ana kipaji.

Akamwalika Klara kwenye onyesho hapa Garissa mjini. Nilimsihi asimwalike, nikijua akijiona anachekwa, contract yangu imekwenda. Hodan akakataa katakata.

Sasa sikilizeni. Volunteer wa kwenye filamu ni mtu mwema tu, anauliza alichoandikiwa. Kichekesho ni mkalimani! Shati limechomekewa, anatabasamia pande zote mbili, kila tusi analitafsiri "karibu sana". Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka kabla sijajitambua.

Taa zilipowaka, Klara akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma.

"Abdi, kumbe ulijua swali lile haliulizwi?"

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unamlinda nani?"

Nilikuwa najilinda mwenyewe, basi.

Juzi tulirudi kwa yule mzee. Fomu tuliiacha garini. Nilimwomba radhi mimi kwanza, nikaeleza kosa lilikuwa langu. Akaniambia nimwambie mgeni karibu sana.

Safari hii nilitafsiri alichosema.

Nilichojifunza: mkalimani akiogopa, wanaoumia ni wawili. Kazi bado ninayo, ila mjini sasa naitwa Karibu Sana. Hodan namvulia kofia.

Nanyi wakuu, nani amewahi kujiona kwenye filamu ya mwenzake? Nichekeni tu, nimeshazoea.