Habari Niliyoimeza Manowarini

Mwaka wa pili tangu tuhame Unguja kwenda Omani, nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa bandari ya Matrah aliyekuwa akiziuzia meli maji na mboga. Kiingereza nilikuwa nacho, cha skuli. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Nyumbani tulisema Kiswahili, na sokoni watu walinicheka: Muomani gani huyu asiyejua kusema?

Ikaja manowari ya Waingereza, destroya, ikatia nanga mbele ya Maskati. Ilikuwa katika safari yake ya mwisho kabla ya kwenda kuvunjwa. Kapteni aliwaalika wafanyabiashara watano waizuru, na tajiri wangu akanichukua niwafasirie.

Aliyetutembeza alikuwa baharia wa mizinga, mtu wa mvi, aliyeitumikia meli ile tangu ilipotoka kiwandani. Akatusimulia maisha yote ya meli hiyo. Walianza kuiunda wakati wa vita, lakini ilipoingia majini vita vilikuwa vimekwisha. Ilipeleka barua na unga visiwani, ikavuta meli zilizoharibika, ikafundisha vijana ubaharia. Mizinga yake, alisema huku akiipapasa, haikuwahi kumpiga mtu. Alijivunia hilo.

Nikaanza kufasiri. Nilipofika kwenye kuvuta meli nilisema sijui nini, wageni wakaangua kicheko. Uso ulinipata moto. Basi nikashika maneno niliyokuwa na hakika nayo: vita, mizinga, kuzamisha. Nikasema meli hii imezamisha meli tatu za adui. Vicheko vikakoma. Wakaitazama mizinga kwa heshima, na mimi wakanitazama vivyo hivyo.

Yule baharia akaendelea, sauti imeshuka. Miaka michache nyuma, karibu na kisiwa cha Masira, walimwokota mtu mmoja baharini, ameng'ang'ania ubao wa jahazi lililovunjika. Mkono wa kushoto hakuwa na kidole cha mwisho. Hakuweza kusema, na asubuhi yake akafa. Mpishi wao, Muislamu, alimwosha na kumswalia, wakamzika baharini, mabaharia wote wamevua kofia.

"Tulitoa habari Aden, hakuna aliyekuja kuuliza," alisema. "Waambie hawa. Huenda yupo anayemjua."

Nilikwishawajengea meli ya vita. Maiti huyu ningemweka wapi? Nikasema, "Anasema walikufa wengi katika mapigano." Wageni wakatikisa vichwa. Baharia akanishika bega kunishukuru. Kesho yake manowari ikaondoka.

Miezi miwili baadaye nilipeleka hati kwenye duka la mmoja wa wageni wale, muuza tende. Alikuwa akimweleza jirani yake habari za mdogo wake aliyepotea na jahazi. Mke wa huyo mdogo wake yuko mtaa wa Darsait, hajui akae eda au aendelee kumngoja. "Ungemtambua kwa mkono," akasema. "Kamba ilimkata kidole cha mwisho." Kiarabu kile nilikifahamu chote.

Nikampa hati, nikatoka. Wiki tatu nilizunguka njia nyingine nisipite mbele ya duka lake. Siku niliyorudi nilianza kumweleza, maneno yakinivunjikia mdomoni, mpaka akaninyamazisha kwa mkono.

"Sema Kiswahili," akasema. "Mie nimekaa Pemba miaka mingi."

Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

"Siku ile ungeniuliza, mwanangu. Neno moja tu."

"Niliona haya, ami. Walikuwa wakinicheka."

"Na mie nilicheka," akasema. Kisha akafunga duka, akanichukua Darsait kwa shemeji yake.

Bibi yule alikaa nyuma ya pazia. Safari hii muuza tende ndiye aliyefasiri, na hakuacha neno.

"Aliswaliwa?" bibi aliuliza.

"Aliswaliwa."

Akauliza tena: "Na huyu kijana amejua tangu lini?"

Ami akanitazama. Nilitamani aseme tangu jana.

"Tangu siku ilipokuja manowari," nikajibu mwenyewe, kwa Kiarabu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hakunilaani. Alitaka nirudie habari za mpishi, nikazirudia. Akataka tena. Mara ya tatu niliishia kwenye kumwosha, ami akamalizia. Ndani wanawake wakaanza kulia. Nilikuwa nimeletewa kahawa. Nikakaa pale na kikombe mkononi, nisithubutu kukitia mdomoni.