Kitana cha Mheshimiwa

Mtaani walimwita Mzee Mstari. Alikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha mstari wa nywele juu ya paji la uso. Ukitoka kwenye kiti chake unajiona una sura mpya. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni ulitetemeka kidogo tu, kama wa mtu aliyeshika kikombe kinachounguza. Siku moja akamkwaruza sikio mteja wake wa miaka mingi, mwalimu wa hesabu. Mwalimu alicheka, akasema ni kitu kidogo. Mzee hakucheka. Wiki hiyohiyo alimwachia kinyozi mwenzake banda, akabeba sanduku lake la vifaa hadi nyumbani, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Mwaka mzima ukapita bila yeye kushika mkasi.

Alikaa kibarazani na redio yake. Akichoka na redio alihamia jikoni kumweleza mkewe namna ya kukaanga vitunguu, mpaka mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na mtu wa maneno machache, akamwambia, "Baba, hivi vitunguu vilikuwa vinakaangika hata ulipokuwa kazini."

Ndipo binti yao, muuguzi, alipohamishwa kikazi. Nyumba aliyopewa hairuhusu wanyama, kwa hiyo akawaletea wazazi wake paka. Alikuwa dume la kijivu, manyoya marefu, mkia mnene kama ufagio mpya. Alishuka kwenye kikapu chake taratibu, akazunguka sebuleni akinusa kila kiti, kama kiongozi aliyekuja kukagua mradi.

"Karibu, Mheshimiwa," mke wa mzee alisema, na jina likamganda hapohapo.

Binti alisahau kuwaambia jambo moja: manyoya yale yanataka kuchanwa. Baada ya miezi miwili, tumboni na kwenye makwapa yalikuwa yamejisokota yakawa mafundo magumu. Mheshimiwa akaanza kutembea kwa hatua fupi. Ukimgusa ubavuni anakugeukia kwa hasira.

"Mume wangu," mama alisema, "humu ndani kinyozi ni nani?"

"Kinyozi amestaafu."

 Asubuhi iliyofuata mama alimbana paka mapajani, akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa. Mzee alitokea mlangoni akaona jinsi fundo lilivyovutwa juu na ngozi ikainuka nalo, nyembamba kama karatasi.

"Weka chini! Hapo unakata ngozi, si nywele!"

"Haya, njoo ufanye wewe unayejua."

 Mzee akaenda chumbani, akapiga magoti, akalivuta lile sanduku.

Siku ile haikwenda vizuri. Kitana chake cha zamani kilikuwa na meno yaliyobanana; kilikwama kwenye manyoya mara ya kwanza tu, na paka akamng'ata kidole. Alipowasha mashine ya kunyolea, ikanguruma kama pikipiki mbovu. Mheshimiwa aliruka juu ya pazia, pazia likashuka na fimbo yake, na vyote vitatu vikatua juu ya meza ya cherehani. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee naye, mikono ikiwa na michirizi ya kucha hadi kwenye viwiko, akajikuta anacheka.

"Kila kichwa na kifaa chake," alisema akijifuta machozi. "Huyu si mteja niliyemzoea."

Kesho yake akaenda kwenye duka la dawa na vyakula vya mifugo. Nyuma ya magunia ya chakula cha kuku palikuwa na rafu moja ya vitu vya paka na mbwa, na muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akamwamkia, akamtolea boksi kubwa.

"Hili lina vifaa kumi na viwili, baba. Unamaliza kila kitu kwa mara moja."

Mzee alilifungua. Akachukua brashi ya nyaya, akajipitishia kwenye mkono. Ilimchoma. Akairudisha. Akachukua kitana chembamba, akajichana ndevu mbele ya wateja wawili waliokuja kununua dawa ya kupe. Akakirudisha.

"Baba, hivyo ni vya paka," dada alisema akijizuia kucheka.

"Najua, mwanangu. Ila paka hawezi kuniambia kama kinauma. Lazima niulize ngozi yangu."

Alijaribu vitana vitano. Alichokipenda kilikuwa cha chuma, meno mapana yenye ncha za mviringo, lakini mpini wake ulikuwa mwembamba, na alipokishika kikaanza kucheza hewani. Akakiweka haraka, mkono akautia mfukoni. Dada alikuwa ameona.

"Babu yangu ana mkono kama huo," alisema kwa sauti ya chini. "Subiri." Akainama chini ya kaunta, akaja na kitana cha meno kama yale, mpini mnene wa mpira. "Huu unajaa kiganjani."

Ulijaa kweli. Mkono uliendelea kutetemeka, lakini kitana hakikuchezacheza tena.

"Na mafundo?" mzee aliuliza. "Nikate na nini?"

"Usikate. Yafungue kwa vidole kwanza, kisha chana kuanzia nchani, kidogokidogo, ukishika manyoya karibu na ngozi ili usimvute. Leo fundo moja, kesho jingine. Likikataa kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo."

Alirudi nyumbani na vitu viwili tu, kitana na brashi laini ya kumalizia. Boksi kubwa akaliacha dukani.

Jioni ile, jua likiwa bado linaingia dirishani, mama alimzungushia Mheshimiwa taulo, akaacha ubavu mmoja nje. Mzee akaanza. Alishika fundo la kwanza, akalilegeza kwa vidole, akaingiza meno ya kitana pale nchani. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake. Akangoja paka ang'ate.

Paka hakung'ata. Ile mitikisiko midogo ilikuwa inapita ndani ya manyoya, fundo likaachia uzi baada ya uzi. Mheshimiwa alifumba macho, akaanza kukoroma kwa raha.

"Unamkuna," mama alinong'ona. "Tazama, hata taulo hahitaji tena."

 Mzee alikuwa ameinama, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya bandani zamani.

Ilichukua siku kumi na moja. Fundo moja tu, la kwapa la kushoto, lilishindikana, wakampeleka paka kwa daktari, likaondolewa. Binti alipopiga simu ya video akamwona paka wake anang'aa, aliuliza wamempeleka saluni gani. Mama akaigeuzia simu kwa mzee, na mzee akajifanya anatafuta stesheni ya redio.

Jumapili moja, baada ya kumchana Mheshimiwa, mzee alikuwa anapangusa vifaa kwa kitambaa. Mama alikuja na kigoda, akakaa mbele yake akiwa amempa mgongo, akafungua kilemba. Nywele zake fupi zenye mvi zilikuwa zimeota ovyo kisogoni.

"Mwaka mzima nazificha," alisema. "Sikutaka anishike mwingine."

"Mkono wangu unauona."

"Nimeuona. Vika mashine kile kitana chake cha plastiki, wembe usinifikie. Halafu usiende haraka, sina safari."

Mzee alichagua kitana namba mbili, akakipachika kwenye mashine, akaijaribu kwanza juu ya mkono wake mwenyewe. Kisha akaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha mkewe, kwa upole, akakiinamisha mbele.

"Kisogo cha mviringo au cha mraba, mama?"

"Kinyozi ni wewe," mama alisema, akafumba macho.